Kinanda Chakunjwa, Mkono Je?

Wahenga wetu walisema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hii tumezoea kuitumia katika malezi ya watoto, kwamba mtoto hufunzwa adabu angali mdogo, kwani akishakauka, ukimkunja humkunji tena, bali wamvunja. Leo nataka kuitumia katika jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wangu wakaliona la mbali: jambo la vinanda, na hasa kile kinanda cha umeme kilichoingia madukani miaka hii, kinachokunjwa kama ubao wa bao na kutiwa ndani ya mkoba. Je, chombo hicho chamfaa mtu atakaye kupiga piano kwa dhati, mbele ya majaji na mbele ya watu, si kwa kujiburudisha tu barazani?

Swali hili sikulizua mwenyewe. Niliulizwa, tena niliulizwa mahali ambapo sikutazamia kuulizwa habari za piano: Masimba.

Kwa msomaji wa Lamu, Mombasa au Tanga ambaye hajafika huko, Masimba ni mji mdogo katika milima ya Kisii, si mbali na Keroka. Ni nchi ya majani chai na migomba, nchi ya mvua nyingi na baridi ya asubuhi inayotushinda sisi watu wa pwani. Nilikwenda kumzuru rafiki yangu wa zamani, Mkisii aliyefanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi hata akazoea pilau yetu na mizaha yetu. Mpaka leo huniita maalim, ingawa sijasomesha chuo hata siku moja. Anaye mjukuu wa kike, mwenye umri wa miaka 17, naye binti huyo, kwa kumfuata babu yake, akaniita babu maalim.

Basi usiku wa kwanza, baada ya chakula, rafiki yangu akanieleza shida yake. Mwaka jana alimnunulia mjukuu wake kinanda cha kukunja. Binti amejifunza kwa bidii, na sasa ana nia ya kuomba nafasi ya kusomea muziki chuo kikuu, mahali ambapo atatakiwa apige piano mbele ya walimu wamsikie. Rafiki yangu alikuwa amepata bonasi ya majani chai. Paa la jiko lavuja, lataka mabati. Akaniuliza, "Maalim, wewe umekaa na wapigaji maisha yako yote. Kinanda hiki chatosha, nikanunue mabati? Au hakitoshi?"

Ndugu msomaji, hilo ni swali zito. Ukimwambia mtu chatosha, na kumbe hakitoshi, umemnyima mtoto nafasi yake. Ukimwambia hakitoshi, na kumbe chatosha, umemlaza mkewe chini ya paa linalovuja. Nikamwomba anipe siku mbili.

Asubuhi nikakitazama chombo chenyewe. Kilikuwa na vibao 88, yaani 52 vyeupe na 36 vyeusi, sawasawa na piano kamili. Katikati kina bawaba, na kwa bawaba hizo hukunjwa mara mbili. Ni chepesi, binti alikibeba kwa mkono mmoja kama mtu abebavyo daftari. Kina betri ndani yake, kwa hiyo umeme ukikatika, na huko milimani hukatika, chenyewe chaendelea kulia. Hesabu ya vibao, basi, haina kasoro, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapodanganyika, kwa kuwa huhesabu vibao wakadhani wamekwisha kupima kinanda.

Mimi nikaomba rula. Katika piano ya kawaida, kutoka kibao cheupe cha kwanza hadi mwisho wa cha saba, yaani okteva moja, ni kiasi cha sentimita 16 na nusu. Katika kinanda kile okteva ilipungua zaidi ya sentimita moja. Katika piano, kibao kikibonyezwa huzama kiasi cha sentimita moja. Hiki kilizama nusu yake, kisha kikagota. Vibao vilivyo jirani na bawaba vilikuwa vigumu kuliko vingine, na kimoja kilikuwa kizito kurudi juu.

Kisha nikamwambia binti, "Haya mwanangu, tupigie." Akapiga ile prelude ya kwanza ya Bach, iliyomo katika mkusanyo wake wa mwaka 1722, ambayo wanafunzi wa piano ulimwenguni kote huianzia. Akaipiga bila kukosea hata nota moja. Wallahi, nilikuwa karibu kumwambia rafiki yangu akanunue mabati yake.

Lakini kitu kimoja kilinitia shaka. Nota zote zilikuwa na sauti ya kadiri moja. Hapakuwa na kupanda wala kushuka, ilikuwa kama mtu anayesoma barua ya mapenzi kwa sauti ya kusomea risiti. Nikauliza kama kuna piano ya kweli mahali popote karibu. Nikaambiwa iko moja ya zamani katika kanisa moja mjini Kisii. Tukaomba ruhusa, tukaruhusiwa, na siku ya pili tukaenda, sisi watatu.

Binti akaketi, akaanza prelude ile ile. Nota kadhaa za mwanzo hazikulia kabisa. Vidole viligusa vibao lakini havikuvifikisha chini. Akaongeza nguvu, basi nyingine zikalipuka. Aliporuka kutoka nota ya chini kwenda ya juu, mkono ukaangukia kibao cha jirani, kwa sababu ulikuwa umezoea mwendo mfupi. Baada ya robo saa akasimama, akishika kifundo cha mkono. Machozi yalimlenga. Akasema, "Babu maalim, wimbo ninaujua. Mikono ndiyo haiujui."

Maneno hayo ya binti wa Masimba ndiyo jawabu la swali letu. Yaliyobaki ni kuyaeleza.

Piano ilibuniwa na fundi wa Kitaliani, Bartolomeo Cristofori, mjini Florence, yapata mwaka 1700. Kabla yake kulikuwa na kinanda kikubwa cha nyuzi ambacho ukikibonyeza kwa upole au kwa nguvu chatoa sauti ile ile. Cristofori akaweka nyundo ndogo nyuma ya kila kibao. Ukibonyeza polepole nyundo huenda polepole na sauti huwa ndogo. Ukibonyeza kwa kasi nyundo huenda kwa kasi na sauti huwa kubwa. Chombo kikapewa jina la kazi hiyo, kwani neno piano katika Kitaliani maana yake ni kwa upole, na forte ni kwa nguvu. Basi kinanda kisichojua upole wala nguvu kimekosa hata haki ya jina.

Kibao cha piano kina uzito wake. Upande wa sauti nene uzito huwa mkubwa kidogo, na upande wa sauti nyembamba hupungua. Kidole chahitaji kiasi cha uzito wa gramu 50 ndipo kibao kishuke, na katika ile safari ya sentimita moja, mpigaji huamua kila kitu: sauti iwe kali au laini, ianze na mwenzake au imtangulie. Kinanda cha umeme hakina nyundo wala nyuzi. Kina vihisio vinavyopima kasi ya kidole. Vile vizuri huwekewa vibao vizito na nyundo za bandia, ili mkono uhisi kama ule wa asili. Kile cha kukunja hakina nafasi ya kuweka uzito huo, kwa sababu unene wake wote ni wa vidole viwili. Wepesi na uzito haviwezi kukaa ndani ya mkoba mmoja. Hili halitokani na ulaghai wa muuzaji, ni umbile la chombo chenyewe.

Sisi tuliopita vyuoni twalifahamu jambo hili vizuri kuliko tunavyodhani. Mtoto wa chuo huandikiwa herufi kwenye ubao, akazijua zote kwa macho. Je, amekwisha kujua kusoma Kurani? La hasha. Bado hajajua kila herufi yatoka wapi, ipi ya kooni na ipi ya ncha ya ulimi, wapi pa kuvuta na kwa kiasi gani, wapi pa kupitisha sauti puani. Hayo huyapata mbele ya mwalimu, mdomo kwa mdomo, akirudishwa mara mia. Na mtoto aliyesoma miaka mitatu bila ya kurekebishwa matamshi, kumtengeneza ni kazi ngumu kuliko kumwanza asiyejua kitu. Vidole navyo ni hivyo hivyo. Nota ni herufi, na uzito wa kibao ndio matamshi. Kinanda cha kukunja chamfunza mtu herufi zote, kisha chamwacha na ulimi mzito.

Hapa ndipo methali yetu inapokaa. Samaki anayekunjwa ni mkono wa mwanafunzi. Ukiukunja angali mbichi juu ya chombo kisichosema kweli, utakauka katika umbo hilo.

Lakini lazima tuwe waadilifu, tusije tukakilaumu chombo kwa sababu tu ni kidogo na hubebeka. Udogo si aibu. Mwaka 1763 Leopold Mozart, baba yake yule mtunzi mashuhuri, alinunua mjini Augsburg kinanda kidogo cha safari, aina ya klavikodi, kutoka kwa fundi Johann Andreas Stein, ili mwanawe mwenye umri wa miaka saba apate kufanya mazoezi njiani. Klavikodi ni chombo kidogo chenye sauti ya kunong'ona, hakijazi hata chumba. Lakini ni kikweli mno: kidole kikiongeza shinikizo kidogo, sauti hubadilika pale pale. Kwa hiyo mtoto yule alisafiri na chombo kidogo, lakini chombo hicho kilikuwa kikimjibu kila alipokigusa.

Na hamoniamu je, kile kinanda cha kuvuta upepo tulichokipata kutoka Bara Hindi? Hamoniamu ya Ulaya ilikuwa kama kabati, hupigwa kwa kukaa kitini na kukanyaga pedali. Fundi wa Calcutta, Dwarkanath Ghose, katika mwaka 1875 akaifanya ndogo, ya kupuliziwa kwa mkono wa kushoto huku mtu ameketi chini. Ikaenea Bara Hindi, ikavuka bahari, ikaingia katika taarabu ya Mombasa. Marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba miaka mingi akisindikizwa nayo. Mimi mwenyewe katika ujana wangu nilikishika kinanda hicho katika kikundi cha mtaani kwetu, na mkono wangu wa kushoto wakumbuka mpaka leo. Lakini angalia: hamoniamu haikujidai kuwa kitu kingine. Ilikuwa na sauti yake na mbinu zake, na waliokuwa hodari walikuwa hodari wa hamoniamu. Hata hivyo Redio ya India iliipiga marufuku kutoka mwaka 1940 hadi 1971, kwa sababu haikuweza kuteleza baina ya sauti mbili kama zitakavyo nyimbo za Kihindi. Twaweza kusema walizidisha ukali, lakini waliuliza swali la haki: chombo hiki kitaufanya nini muziki wetu?

Hata hao Wakisii wenyewe wanalo fundisho lao. Ala yao kuu ni obokano, zeze kubwa lenye nyuzi nane na ngozi ya ng'ombe, lenye sauti nzito inayounguruma kifuani mwa msikilizaji. Ni kubwa na ni zito, na mpigaji aliyealikwa harusini hulichukua vile vile lilivyo. Hakuna aliyemwambia alikunje ili apate kulitia mfukoni. Yajulikana kwamba ukubwa ule ndio uliobeba ile sauti.

Watasemaje wapinzani wangu? Watasema, ewe bwana mshairi, wewe wasema hayo kwa kuwa wakaa mjini. Mtoto wa kijijini atapata wapi piano? Piano ya nyuzi yataka fundi wa kuitengeneza sauti kila mwaka, nayo mvua ya milimani hulivimbisha bao lake. Njia ni ya matope. Heri nusu kuliko kukosa kabisa.

Hoja hiyo ina nguvu, nami siipuuzi. Sisemi piano ya nyuzi ipelekwe Masimba ikaoze. Lakini kati ya piano ya nyuzi na kinanda cha kukunja pana chombo cha tatu, nacho ni piano ya umeme yenye vibao vizito. Zipo zenye uzito wa kilo 11 au 12, ambazo kijana wa bodaboda huzichukua bila taabu. Hazitaki fundi wa kuzitengeneza sauti, wala hazivimbi kwa mvua. Huuzwa hata zilizokwisha kutumika, na iliyotunzwa vizuri hufaa kuliko kipya cha kukunja. Hazikunjwi, ni kweli. Lakini binti wa Masimba hakuwa msafiri. Kinanda chake kilikaa juu ya meza moja mwaka mzima. Alinunuliwa sifa ya kukunjika, sifa asiyoihitaji, kwa thamani ya uzito aliouhitaji.

Tena nusu haishindi kukosa kabisa katika kila jambo. Katika chakula, ndiyo. Katika mafunzo ya mkono, nusu iliyo mbaya hukaa mahali pa ile nzuri, na kuing'oa ni kazi ya miezi.

Wala habari hii si ya Masimba peke yake. Mtaala mpya wa Kenya umefungua njia ya sanaa na michezo katika sekondari ya juu, na muziki umo ndani yake. Shule zitanunua vyombo. Naona mbele yangu mwalimu mkuu akifurahia vinanda kumi vya kukunja kwa bei ndogo, vikapangwa mezani, vikapigwa picha siku ya wazazi. Nathubutu kusema, kimoja chenye vibao vizito, watoto wakikipokezana kwa zamu, kitatoa wapigaji. Vile kumi vitatoa picha. Sisi katika vyuo vyetu tulipokezana msahafu mmoja watoto wanne, na walitoka humo waliohifadhi.

Na pwani yetu je? Taarabu ya kisasa imekiweka kinanda cha umeme mbele, na kanuni, yenye nyuzi zake sabini na zaidi, imerudi nyuma. Chuo cha muziki cha nchi za majahazi kule Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 2002, kimefanya kazi ya kusifiwa kuwafunza vijana kanuni, udi na fidla. Lakini kijana wa mtaani akitaka kuanza leo, hukimbilia chenye bei ndogo. Basi ajue kwamba maqamu zetu zina sauti zilizo katikati ya kibao cheupe na cheusi, robo sauti, na kwamba vipo vinanda vya umeme vilivyotengenezewa nchi za Kiarabu vyenye vitufe vya kuishusha nota kwa robo. Kile nilichokiona Masimba hakikuwa nacho. Atakayejifunza kwa chombo kama kile atapata taarabu isiyo na robo zake, na masikio yake yatazoea hivyo.

Je, kinanda cha kukunja kitupwe? Hapana. Chafaa kwa msafiri ambaye mkono wake umekwisha kukomaa, akitaka kuikumbuka nota akiwa hotelini au garini. Chafaa kwa mtunzi aliyejiwa na sauti usiku wa manane, akavaa spika za masikioni asimwamshe jirani. Chafaa kwa mwalimu wa kwaya anayetaka kuwapa waimbaji sauti ya kuanzia. Chafaa kwa mtoto wa miaka sita kujua nota ziko wapi, ili mzazi aone kama hamu yake ni ya kweli au ya wiki mbili. Kwa jukwaa na kwa mtihani, hakifai, wala hakifai kumlea atakayepanda jukwaa.

Mwenye kutaka kununua kinanda chochote, na afanye majaribio haya manne kabla ya kutoa fedha yake. Kwanza, achukue rula: okteva iwe sentimita 16 na nusu. Pili, abonyeze kibao kimoja kwa upole kabisa, kisha kwa nguvu. Zikitoka sauti sawa, arudishe. Tatu, akanyage pedali na kupiga nota nyingi mfululizo. Zile za mwanzo zikikatika kabla ya wakati wake, ajue chombo hakina pumzi. Nne, apige dukani kwa robo saa nzima, asione haya kwa muuzaji. Mkono hauna adabu ya uongo, utamwambia.

Rafiki yangu nilimwambia hivi: cha kukunja mpe mdogo wake. Tafuta piano ya umeme yenye vibao vizito, iliyotumika, hata kama si ya mwaka huu. Mpaka uipate, mwombe mwenye kanisa binti aende kupiga ile piano ya zamani mara mbili kwa juma, na hiyo nauli ndiyo ada yake. Mabati nunua nusu, uzibe pale panapovuja juu ya meko. Alicheka, akasema hesabu hiyo ni ya Mswahili. Lakini naona aliikubali, maana wiki tatu baadaye nilipigiwa simu, na aliyenipigia hakusema neno. Akaweka simu mahali, nikasikia prelude ile ile. Mwanzo ilikuwa ndogo kama pumzi ya mtu aliyelala, kisha ikapanda, kisha ikashuka. Zilikuwamo nota mbili za makosa. Nikamwambia, "Mwanangu, sasa unasema."

Nami kwa kuwa siwezi kuaga bila ya ubeti, nawaachieni huu mmoja:

Kinanda hukunjwa sana, mkono haukunjiki,
Chepesi nimekiona, begani hakisikiki,
Kidole kikikazana, sautiye haizuki,
Chombo cha safari, mwana, chuoni hakitumiki.